Mwizi Ndani ya Kalkuleta

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeanza gauni la harusi la mjukuu wangu. Kazi kama hii haina fundi mwingine mtaa mzima. Mimi ndiye niliyemshonea meneja wa benki suti aliyozikwa nayo. Waombolezaji waliisifu suti kuliko marehemu.

Mjukuu huyu ni mke wangu mdogo. Ndivyo tunavyotaniana tangu anatambaa. Mke wangu mkubwa, yaani bibi yake, humwita mke mwenzangu na kumtuma sokoni kwa jina hilo hilo.

Kuna tatizo dogo. Viwanda vya tepu vimeharibika. Zamani namba kwenye tepu ya kupimia zilikuwa nyeusi, mtu anaziona. Siku hizi wanatia wino kama wanaombwa. Hata daftari hili limechapwa bila mistari, naandika kwa kukisia. Macho yangu ni mazima! Mke wangu anashikilia kuwa anaona weupe katikati ya jicho la kulia. Ameapa kwamba siku akinikuta nashindwa kusoma tepu, gauni linahamia kwa Zipu.

Zipu ni fundi cherehani wa chumba cha pili kwenye korido yetu. Jina nilimpa mimi. Zipu zake hukwama njiani.

Lakini mimi si wa kushindwa na wino. Mteja akija namzungushia tepu, naipiga picha kwa simu, kisha najitenga pembeni naikuza mpaka namba inakuwa kubwa kama sahani. Wateja nimewaambia ni vipimo vya kisasa. Wamefurahi sana. Nesi wa zahanati alisema hata kazini kwao hawajafika huko.

Mchana mke wangu alichukua simu ampigie dada yake, akakutana na kiuno cha nesi. Akauliza hiki ni nini. Nikasema ni tangazo la mikanda. Akasema mbona tangazo limevaa sare ya zahanati. Nikaanza kukohoa. Nilikohoa mpaka akaenda zake.

Hizo picha lazima zifichwe.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwona fundi simu, yule anayekaa chini ya ngazi. Nikamwambia nataka sanduku la siri ndani ya simu. Akacheka, akaniuliza babu na umri huu naficha nini. Nikasema mambo ya kiofisi.

Ameniwekea kalkuleta. Ajabu kubwa! Kwa nje ni kalkuleta kama ya muuza duka, inajumlisha na kutoa. Ukiandika namba yako ya siri ukabonyeza alama ya sawasawa, inafunguka kama kabati. Picha zote zimo ndani. Mwingine yeyote akiishika ataona hesabu tu.

Alitaka kunieleza na jambo jingine, kwamba mtu akikosea namba ile kalkuleta inafanya sijui nini. Nikamkatiza. Nimeshika mkasi kabla baba yake hajaota ndevu. Sifundishwi kalkuleta.

Namba ya siri nimeweka mwaka niliozaliwa.

Jioni nimempima Mke Mdogo. Picha nimeiandikia MKE MDOGO KIUNO nisiichanganye na viuno vingine. Nimeikuza: 89. Nilishangaa kidogo, maana kwa kumtazama ni mwembamba kama uzi wa bobini. Lakini tepu haina sababu ya kunidanganya. Wasichana wa siku hizi wanajificha ndani ya nguo. Nimekata kitambaa bila kusita. Fundi anayesita ni Zipu.

Jumatano, 4 Juni

Kalkuleta imekataa kufunguka!

Mwaka niliozaliwa ninao, tena ninayo mitatu. Upo wa kwenye kitambulisho. Upo alioutaja marehemu mama. Na upo niliomwambia mke wangu nilipomchumbia, ambao unanipunguzia umri na kunifaa zaidi. Nilikosea, nikarudia, nikaitukana simu, nikarudia tena. Ikafunguka kwa ule wa uchumba.

Ndani nimekuta jambo la kutisha. Kuna picha ambazo sikupiga mimi. Juu yake pana maandishi mekundu, nikayakuza: ALIYEJARIBU KUINGIA. Kumbe kalkuleta inapiga picha wezi!

Mwizi ni mzee. Picha ina ukungu, simu za sasa nazo ni kama tepu. Ila sura inatosha kumtambua mhalifu. Amechukuliwa kutoka chini, matundu ya pua ungeegesha baiskeli. Mdomo uko wazi kama anasubiri kijiko. Macho ameyabana, macho ya mtu asiye na nia njema. Na nyuma yake kuna pazia langu! Amesimama katika chumba changu cha kazi, mchana kweupe, anachezea simu yangu!

Nimekagua mlango. Komeo zima. Huyu ni mzoefu.

Alhamisi, 5 Juni

Zipu alikuja kuazima chaki. Hakuwa na shida ya chaki. Nikamwambia atazame dari, kuna buibui. Alipoinua kichwa nikamkaribia nikamchungulia matundu ya pua. Ni madogo. Si yeye.

Basi amemtuma mtu. Atakuwa baba yake mkubwa. Sijawahi kumwona, lakini ukoo ule nauelewa.

Zipu akaniuliza kwa nini namhemea usoni. Nikasema buibui alikuwa anashuka.

Mke wangu alichukua simu kupiga hesabu ya vifungo vya gauni. Akaifungua kalkuleta ile ile! Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Akajumlisha, akazidisha, akairudisha, akasema afadhali umeweka kitu cha maana humu. Nikamjibu ndiyo, napenda hesabu. Akasema miaka yote ya ndoa hajawahi kusikia.

Gauni linakwenda vizuri. Kiuno kina nafasi ya kutosha.

Ijumaa, 6 Juni

Karudi! Leo asubuhi kalkuleta ilinigomea tena, kidole kiliteleza mara kadhaa, na nilipoingia nikakuta picha mpya za yule mzee. Safari hii amekasirika. Na shingoni ana tepu!

Fundi cherehani! Nilisema mimi. Ametumwa aibe vipimo vya Mke Mdogo ili Zipu amshonee gauni kwa siri, kisha waseme la kwangu ni la akiba. Na shati alilovaa ni mshono wangu, kola yangu, mfuko wangu wa pembeni. Shati kama hilo nililishona moja tu, la kwangu. Wameiba mpaka mtindo.

Nimemwambia mke wangu kesho wakati wa kulijaribu gauni nitamfichua mtu. Akaniuliza nani. Nikasema asubiri. Akasema nisimwaibishe mbele ya mjukuu. Nikasema atakayeaibika anajijua.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika haya nikiwa nimetulia kabisa.

Mke Mdogo alikuja na bibi yake. Nikamwita na Zipu, akaja na sindano mdomoni, hajui kinachomngoja. Nilihutubia. Nilizungumzia heshima ya kazi, wivu, na watu wanaotuma wazee wao kuiba. Kisha nikafungua kalkuleta mbele yao, nikawaonyesha mwizi.

Zipu akatoa sindano mdomoni. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama simu. Akasema, "Shikamoo, mwizi."

Sikumwelewa. Mke Mdogo akajifunika uso na shela, mabega yanacheka. Mke wangu akaninyang'anya simu, akasema, "Baba wee, si wewe huyu?"

Nikasema nisingeshindwa kujitambua. Mimi sina sura ile. Mke wangu akasema anayo nyumbani kila siku sura ile, anaipikia. Akaninyooshea kidole shati. Akanigusa tepu shingoni.

Sasa simu ikawa mikononi mwake, na sanduku liko wazi. Zipu, mbea aliyekosa kazi, akachungulia begani kwake na kuanza kusoma kwa sauti: NESI KIUNO. MWALIMU NYONGA. MAMA WA DUKA KIFUA. MKE MDOGO KIUNO. Hilo la mwisho alilisoma mara mbili, kwa raha. Mke wangu akamwambia apumue, mke mdogo ni huyu hapa, wanachangia mume siku nyingi. Hao wengine ndio anaotaka kuwajua.

Hapo nikasimama kwenye njia panda. Nikisema ukweli, kwamba nakuza tepu ili niisome, gauni limekwenda. Nikinyamaza, mimi ni mzee mhuni. Nilipima haraka. Mhuni anaweza kushona.

Nikatoa kifua mbele. Nikasema ni kweli, ni tabia yangu, wanaume tuko hivi, nimejitahidi nimeshindwa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alipitia picha moja moja, taratibu. Akasema hawa wanawake wako wote hawana vichwa. Akasema wote wamezungushiwa tepu, na tepu ndiyo iliyopigwa katikati. Akaendelea. Akakuta picha ya tundu la sindano, maana nalo huwa nalikuza. Akanionyesha.

"Na huyu naye mlikutana wapi?"

Zipu alikaa chini kabisa, sakafuni.

Mke wangu akachukua sindano na uzi, akanipa, akasema tunga. Nikatunga. Nilitunga hewa. Nikatunga kidole. Nikasema viwanda vya sindano navyo vimeharibika. Hakuna aliyecheka hapo, hata Zipu. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Mke Mdogo akasema basi tulijaribu gauni. Akalivaa. Kiunoni angeweza kumkaribisha bwana harusi na msimamizi wake. Zipu akaomba simu, akaitazama ile picha ya kiuno, kisha akaigeuza juu chini. Nilikuwa nimeipiga kinyume. Haikuwa 89. Ilikuwa 68.

Nikasema kosa kama hilo linataka ufundi mkubwa. Fundi mdogo hawezi kulifanya.

Mke wangu akasema gauni linakwenda kwa Zipu leo hii, na mimi Jumatatu nakwenda hospitali ya macho. Nikakataa. Nikasema macho ni yangu, nitakufa nayo. Nikasema gauni hilo nitalibana mwenyewe, hata kwa kupapasa.

Mke Mdogo akaja akakaa miguuni pangu na lile gauni lote. Akasema gauni hata likiwa gunia atalivaa. Ila Jumamosi ijayo, siku ya harusi, anataka nimwone akiingia. Hataki kuingia halafu mume wake mkubwa aone kitu cheupe kinapita, aulize mapazia yanapelekwa wapi.

Nikasema nitafikiria. Nikafikiria. Nikasema nitakwenda, lakini si kwa sababu ya macho. Nakwenda kuwatembelea.

Jumatatu, 9 Juni

Hospitali. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, amekomaa, anatakiwa kutoka. Nikamwambia kwetu sisi ni watu wa kukomaa. Akasema nisitikise kichwa.

Wamemtoa, wakanifunga pamba. Sikuogopa. Nesi wa huko anayedai nilimbana mkono mpaka ukafa ganzi ametia chumvi.

Nimekatazwa cherehani mpaka daktari aseme. Mke wangu aliuliza mara mbili ili nisikie jibu mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Pamba imetoka. Nimefungua daftari hili nikakuta lina mistari. Watakuwa wameichapa juzi.

Mke Mdogo amekuja na gauni, kalivaa hapa sebuleni. Nimemwona. Nimeona mpaka kidoti cha shingoni alichozaliwa nacho, nilikuwa nimekisahau. Sina la kuandika hapo.

Kiuno Zipu amekibana. Nimemwomba mtoto ageuke, nikakagua mishono yote, mmoja baada ya mwingine. Imenyooka. Nimekagua tena. Kosa lipo, nitalipata.

Halafu Mke Mdogo akainama akaniambia neno, taratibu, machozi yakimlengalenga. Nikamjibu kwamba lipo kabatini. Akacheka, akanibusu kichwani, akaondoka. Mke wangu akaniuliza ni nini kilicho kabatini. Akasema mtoto alikuwa ananishukuru, akaniomba nimshike mkono wakati wa kuingia. Akaongeza kwamba hata masikio yangu anayaona hayako sawa, na kwamba hospitali ile ile wana daktari wake.

Masikio yangu ni mazima! Watu wa siku hizi wananong'ona. Zamani mtu alisema jambo lake akasikika mpaka kwa jirani. Sasa wanaongea kama wanaogopa sauti itaisha.

Nimekwishapata dawa. Simu inaweza kunasa maneno ya watu, mimi nikajitenga pembeni nikayasikiliza kwa sauti kubwa, nikarudi na jibu la maana. Mke wangu hatakiwi kujua. Nimeshuka kwa fundi simu, nikamwambia anifichie kinasa sauti ndani ya kitu kisichotiliwa shaka. Ameniwekea dira. Ukiitazama inakuonyesha kaskazini tu.

Nilipokuwa natoka aliniuliza jambo mlangoni, lilionekana la muhimu. Nikamjibu sawa, endelea. Sijui nimekubali nini, lakini nilikubali kwa sauti nzito, ya mtu anayeheshimiwa.