Sekunde Arobaini za Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi kutoka semina. Siku mbili, hatua tano, cheti kimoja. Tambua, Pima, Chambua, Boresha, Dhibiti. Biashara yoyote ikipitishwa humo hutoka imenyooka. Cheti nimekibandika juu ya kaunta, palipokuwa na kalenda. Mpiga pasi akauliza leo tarehe ngapi. Kijicho tu.

Dada yangu, mwenye duka hili la dobi, anafungua tawi la pili na anataka msimamizi. Ataamua Jumamosi, akishaona kazi ya majaribio tuliyopewa na kliniki imekwendaje: makoti meupe arobaini. Tunaotajwa ni wawili, mimi na mpiga pasi. Yeye ana miaka tisa kazini. Mimi nina cheti. Nimenunua na koti jeupe la kusimamia, pamoja na kalamu ya bluu ya kukaa mfuko wa kushoto, kifuani. Bosi hutambulika kwa kalamu.

Jumanne, 5 Machi
Tambua niliimaliza nikipiga mswaki. Tatizo ni wenzangu.

Leo Pima. Nimewapima wote kwa saa ya simu. Mpiga pasi, dakika nne kwa shati moja. Nikamwambia apunguze. Akanikabidhi pasi, akasema nimwonyeshe. Nikamweleza kuwa kupima na kupiga pasi ni idara mbili. Hata hivyo nimeungua kidole.

Kisha Shangazi, dada yake marehemu baba. Hukaa kigodani karibu na mashine, akipekua mifuko kabla nguo hazijaingia. Sekunde arobaini kila nguo! Hupekua hata mifuko iliyoshonwa ikafungwa. Nimepigia mstari mara mbili.

Jumatano, 6 Machi
Chambua. Nimelimwaga kopo ambamo Shangazi huweka anavyookota mifukoni. Mavuno ya wiki nzima, nguo mia tatu: vifungo viwili, kijiko, na jino la bandia ambalo mwenyewe hajalifuata. Nikapiga hesabu. Saa tatu na dakika ishirini zimepotea kwa ajili ya kijiko.

Nikamwendea kwa adabu zote. Shikamoo, nikamweleza kuwa hatua yake haiongezi thamani. Akasema marahaba, akauliza kama nimekula. Nikamwambia kigoda kinahamia mlangoni, awe anakaribisha wateja. Machozi yakamlengalenga. Akasema miaka kumi na moja hakuna nguo ya mtu iliyoharibika kwa kupita mikononi mwake. Nilijisikia vibaya, kwa kweli. Kisha nikakumbuka kwamba kesho ni hatua ya nne.

Alhamisi, 7 Machi
Boresha. Makoti ya kliniki yameingia kwenye mashine kubwa moja kwa moja, bila kupekuliwa. Nikatupia na langu, kwa kuwa lilishaanza kunuka jasho la uongozi. Dada alipita, akaona kasi, akatabasamu. Mpiga pasi akaendelea na shati lake. Mashine inanguruma ninapoandika haya. Naandika kwa penseli, maana kalamu siioni.

Ijumaa, 8 Machi
Makoti yametoka na mabaka ya bluu. Yote.

Sikutaharuki. Mwalimu wa semina alisema tatizo likitokea, uliza kwa nini mara tano, utaufikia mzizi. Nikaendesha zoezi mbele ya wote. Kwa nini makoti yana bluu? Wino. Kwa nini wino? Kalamu imepasukia mashineni. Kwa nini iliingia? Haikuonekana. Kwa nini haikuonekana? Mifuko haikupekuliwa. Hapo nikaona mara nne zinatosha.

Mpiga pasi akauliza ya tano: ni kalamu ya nani? Nikasema huo si uchambuzi, ni umbea. Shangazi akainuka mlangoni, akachukua koti langu, akalipekua taratibu. Sekunde arobaini kamili. Akatoa kifuniko cha kalamu, akakiweka kwenye kopo, kando ya jino.

Jumamosi, 9 Machi
Dada amekwenda kliniki kuomba radhi na kuahidi makoti mapya. Wamempa nafasi moja zaidi, ya mwisho. Makoti yataletwa Jumatatu, tuyafue kabla hayajavaliwa.

Tawi la pili kapewa mpiga pasi, ataanza mwezi ujao. Mimi nimepewa kigoda. Nitapekua mifuko chini ya usimamizi wa Shangazi mpaka aridhike. Imeniuma, sifichi. Cheti kimebanduliwa, kalenda imerudi. Shangazi kaniletea chai, akaniambia, mwanangu, kila mfuko, bila kuruka. Nikaitikia.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepima. Mfuko wa kushoto wa kifuani huwa mtupu karibu kila mara. Ukiachwa, zinaokolewa sekunde nane kwa nguo. Shangazi alipotoka kidogo nikaanza utaratibu mpya kwa makoti ya kliniki, na langu nikaliweka juu kabisa kuonyesha mfano. Mashine inanguruma vizuri. Nikimaliza nitamwandikia Dada ripoti, pengine atafikiria upya.

Naandika kwa penseli. Kalamu mpya siioni. Mpiga pasi, bila shaka. Kijicho tu.