Bi Randa na Bikari Isiyolegea

Sogeeni, nyinyi mlioketi na nyinyi mnaopita njia. Mwenye sufuria motoni aipunguzie moto, kwani habari hii haisimuliwi kwa pupa. Ni habari ya Bi Randa, seremala mshika msumeno, mfuga vumbi la mbao, na ya siku aliyokwenda dukani kuchagua bikari, kile chombo cha miguu miwili cha kupimia na kuchorea.

Adui yake alikuwa ukuta. Ukuta huo wa jikoni aliujenga baba mkwe wake mwenyewe enzi za nguvu zake, nao ulikuwa na kitambi katikati na kiuno upande wa dirisha. Bi Randa aliazimia kuegemeza hapo rafu ndefu ya vyombo, ubao ukumbatie ukuta pasipo mwanya. Mbao mbili zilikwisha kuanguka vitani, na nyuma ya kila moja kijiko kilipita na kudondoka sakafuni. Sasa ulibaki ubao wa tatu, wa mninga, na hapakuwa na mwingine.

"Ukuta hauna kosa, mwanangu," akanena baba mkwe, akichekecha mchanga uani bila haraka. "Mbao zako ndizo zimepinda. Na huu wa tatu ukikushinda, mimi nitaziba mwanya kwa saruji."

Saruji juu ya mninga! Bi Randa alijitwalia khanga, akatoka kwenda dukani.

Alijua msaliti ni nani. Katika kazi hiyo mguu mmoja wa bikari hutembea ukutani, na mguu wenye penseli huchora ubaoni kila kitambi na kila bonde. Lakini bikari yake ya zamani ilijitanua miguu njiani, kama mtu aliyeshiba, na ubao ukadanganywa.

Mwenye duka akamletea ya kwanza, ya rangi ya dhahabu, imelala ndani ya kisanduku cha mahameli.

"Hii, fundi, ukiishika tu watu wanakuheshimu."

"Heshima haikazi skrubu, bwana."

Bi Randa akaitanua upana wa vidole viwili, akatoboa matundu mawili kwenye kipande cha boksi yawe shahidi wa kipimo, kisha akaiburuta ukingoni mwa kaunta, kutoka kwenye mizani hadi mlangoni. Aliporudi kwenye matundu, ilikuwa imejitanua kwa upana wa punje ya mchele. Ya pili, nyembamba, penseli yake ilicheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Hiyo ililegea hata kabla ya kuiacha mizani.

Ndipo akatia mkono kwenye boksi la bawaba, akaibua moja nyeusi, nzito, yenye skrubu ya kukazia ya masikio mawili.

"Hiyo iko humo tangu nafungua duka," mwenye duka akasema. "Haina mnunuzi. Sura mbaya."

"Siendi kuolewa nayo."

Akaitanua kwenye matundu yaleyale, akakaza mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Ikaenda mlangoni, ikarudi, ikaenda tena. Na ncha zake zikaingia kwenye matundu yale kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Na kaunta yangu uliyoichora je?"

"Imepinda hapo katikati. Kumbe hukujua?"

Akamwacha ameinama, jicho moja amelifumba, anaitazama.

Hata jua lilipofika dirishani pa jikoni, mstari ulikwisha kuchorwa, msumeno ulikwisha kupita, na rafu ikasukumwa mahali pake. Baba mkwe akaja na kijiko. Hakikupita. Akajaribu kipande cha karatasi, akajaribu ukucha.

"Umeona sasa?" akanena. "Miaka yote nawaambia ukuta huu umenyooka."

Mkononi mwa Bi Randa kilikuwamo kipande kilichokatwa ubaoni, chembamba, kina kitambi chake na kiuno chake, picha kamili ya ukuta. Akakitazama. Akaitazama ile mikono ya mzee, ambayo bado ilikuwa na vumbi la mchanga.

"Umenyooka, baba," akasema, akakichomeka kipande nyuma ya mlango.

Basi na ikumbukwe na vizazi vyote siku hiyo ambayo kijiko hakikupita, na mzee akaurudisha mchanga wake kwenye lundo la uani, ungali mkavu, haujaonja saruji.