Mashauri kwa Anayekwenda Kasaji kwa Miguu

Jumatano, 4 Agosti 1993
Mke wangu Ernestine amenipeleka hija bila kuniuliza. Jana alisimama mbele ya parokia nzima hapa Dilala, Kolwezi, akaweka nadhiri: yeye na mumewe watatembea kwa miguu yao wenyewe, siku nane, hadi kwa Bikira wa misheni ya Kasaji, ili apate habari za Ndaya. Ndaya ni mdogo wake. Mume wa Ndaya, mwalimu Tshibangu, alifukuzwa na wakubwa wa mkoa mwezi wa sita pamoja na Wakasai wengine, watu wenye asili ya Kasai. Alizaliwa Kolwezi, akafundisha Kolwezi, kisha anaambiwa arudi kwao! Kwao wapi? Ndaya alipanda treni pamoja naye, tumbo likiwa kubwa. Tangu hapo, kimya.

Sikupinga. Niliuliza tu nani ataongoza. Katekista Ngeleka, eti, kwa sababu amekwenda mara sita. Mtu asiyemaliza hata gazeti! Nimeamua kuandika kitabu cha mashauri. Kabla ya Kasaji, uongozi utakuwa wangu.

Ijumaa, 6 Agosti
Mashauri yamekamilika. Kurasa kumi na moja, nukta arobaini na tatu. Nukta ya kwanza: viatu vya mgodi, vyenye chuma vidoleni. Kampuni ilipofunga karakana yetu, ghala liligawa viatu hivyo, vyangu havijaguswa. Kiatu kinachozuia jiwe la shaba kitashindwa na mchanga?

Niliwasomea mahujaji. Ngeleka akauliza nimekwenda Kasaji mara ngapi. Nikamjibu kwamba daktari hahitaji kufa ili aijue maiti. Walicheka sana. Yeye akatoa mashauri yake: viatu vilivyozoea mguu, mzigo mdogo, kupumzika saa sita, kuosha miguu kwa maji ya chumvi. Manne! Bila hata utangulizi! Wote wakayaandika.

Jumapili, 8 Agosti
Siku ya pili. Kucha mbili zimekuwa nyeusi.

Saa sita wenzangu walilala kivulini. Mimi nikaendelea peke yangu juu ya reli, kwa mujibu wa nukta ya tisa: reli haipotezi mtu. Haipotezi, kweli. Lakini aliyepanga yale mataruma, mbao zinazobeba reli, alikuwa adui wa binadamu. Ukikanyaga kila moja, unatembea kama kuku. Ukiruka moja, unapasua suruali. Nimepasua suruali.

Jioni walinipita kwenye njia ya vumbi, wakiimba. Ngeleka alinipokea mkoba, wenye kamusi na vitabu vinne. Nilimwachia. Naye anahitaji kujiona ana faida.

Jumanne, 10 Agosti
Nimevumbua! Asubuhi kwenye kijito niliwaambia watangulie, nabaki kutafakari. Akapita Aruna, mchuuzi wa sabuni na chumvi, na baiskeli yake, ambayo yeye huiita kinga. Alinipakia nyuma juu ya magunia, tukazunguka kwa njia ya mashambani. Alasiri wenzangu walinikuta mbele yao, nimekaa juu ya jiwe, nasoma. Ngeleka alishika kiuno. Furaha iliyoje!

Ilidumu dakika kumi. Aruna alirudi mbio akipiga kengele: “Papa! Umesahau kofia yako ku kinga!”

Nilijitetea. Nilisema nadhiri inahusu miguu, na miguu yangu haikutengana nami hata mara moja. Ernestine hakupandisha sauti. “Kabemba, mi sikuapa na kinga ya Aruna. Niliapa na miguu yako. Ndaya haiko mabishano yako ya mu baa.”

Nilichukua kofia kwa Aruna, nikaikung'uta vumbi. 

Amesema kesho tunarudi mpaka kwenye kijito, tuanze upya. Wawili tu. Ngeleka amenipa kandambili zake za akiba, za mpira wa tairi. Nimezipokea nisimvunje moyo.

Alhamisi, 12 Agosti
Jana kurudi, leo kwenda tena. Kila kichaka kinanijua. Mwanamke mmoja shambani aliuliza kama tumepotea. Ernestine akamjibu: “Hapana, mama. Ni akili ya huyu tata, bwana yangu, ndiyo ilipotea. Tulirudi kuichukua.” Wakacheka mpaka jembe likaanguka.

Kisha akanisimulia Ndaya alivyopanda behewa, sufuria kichwani, kuku kwapani, akimgombeza askari aliyemsukuma. Nilitamka matusi matatu kwa Kilatini, dhidi ya wote waliotia saini amri ya kuwafukuza. Miguu haiumi. Hali ya hewa imebadilika, nadhani.

Jumatatu, 16 Agosti
Tumefika asubuhi hii. Sikukuu ya Bikira ilipita jana. Wenzetu walipaswa kuondoka alfajiri. Ngeleka alikataa, akisema yeye harudi Dilala na watu wawili pungufu.

Hatujanawa hata uso, mtawa akatoka mbio: nani hapa anaitwa Ernestine? Kule Kasai, kwenye misheni yenye redio, kuna mwanamke anayekuja kila Jumatatu kuuliza watu wa Kolwezi, hasa dada yake mkubwa Ernestine. Tukaingia chumba cha redio. Mikwaruzo, mluzi, halafu: “Yaya? Yaya, ni wewe?”

Ndaya! Mzima! Amejifungua msichana, mle mle ndani ya treni. Kuku aliliwa. Tshibangu anafundisha, anauliza kama Kabemba bado anasema sana. Ernestine alilia, akacheka, akapiga magoti, akainuka, akanipiga begani. Mimi nilisema maneno machache tu mpaka mtawa akaninyang'anya kipaza sauti.

Jumanne, 17 Agosti
Tufikiri kwa utulivu. Kama ningetembea kama wengine, tungefika Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Ndaya angeita, asingetukuta. Kwa hiyo aliyemleta Ndaya redioni ni mimi, kwa njia ya baiskeli. Nimemweleza Ngeleka hoja hii mara mbili. Akauliza kama nimekunywa maji leo.

Kesho tunarudi. Wanataka kufuata njia ile ile, kama kondoo! Nimetazama vilima kwa makini: njia yao inazunguka bure. Nimeandika nukta ya arobaini na nne, naondoka alfajiri peke yangu kwa mkato. Nimemwachia Ernestine barua. Nitawasubiri mbele.