Watoto Kumi na Mmoja, Suti Moja

Jumatatu, 5 Julai 1954. Makambako.

Ukungu mpaka saa nne. Barua imekuja na lori la Njombe, kutoka kwa Bibi Maendeleo mwenyewe. Huyu ni Mzungu wa ofisi ya maendeleo. Jina lake halisi linavunja ulimi, ndiyo maana wote tunamwita hivyo. Anataka picha kumi na mbili za watoto wa huku kwetu ambao hawajafika umri wa shule. Zitatundikwa barazani, wazazi wazitazame, wazungumze: mtoto mdogo hujifunzaje, akili yake hukuaje, nani humfundisha. Picha zikiwafungua watu midomo, aliyezipiga atahamia Njombe kuwa Msaidizi wa Picha. Nyumba ya bati! Mlango wa kufuli!

Kamera imekuja kwa majina mawili, langu na la Mwalimu Tabea wa darasa la akina mama. Hilo ni kosa la uandishi. Mimi ni karani wa baraza, nina tai tatu. Tabea ana baiskeli ya kiume na maneno mengi. Alitaka tuwapige watoto wakicheza, wakila, wakibebwa. Nikamweleza kwa upole kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu apigwaye picha na makamasi yake. Tukakubaliana: kumi na moja zangu, moja yake. Hata hiyo moja inaniuma.

Jioni nikampa Esteria, mke wangu, habari za nyumba ya bati. Akasema ni vyema, ila akauliza kama huko Njombe nitapata nafasi ya kukaa na mtoto. Swali la ajabu. Binti yetu Idda ana miaka miwili na nusu na adabu za mzee wa kanisa. Kwa mama yake anaongea kutwa. Nikiingia mimi, kimya, kichwa nyuma ya khanga. Wenzangu wana watoto wa makelele, mimi nina mtoto wa heshima. Jana nilimsikia akicheka uani nikatoka mbio nione kinachomchekesha. Akanyamaza. Nakiri nilisikia uchungu kidogo. Tuyaache hayo.

Jumanne, 6 Julai

Usiku sikulala kwa kufikiri, na nimefikiri vizuri. Picha ni heshima. Heshima ni mavazi. Watoto wa hapa mavazi yao ni kipande cha kaniki. Basi?

Basi Hezekia mwenye duka ana suti ya mtoto ya kibaharia! Nduguye anayefanya kazi melini huko Manda ndiye aliyeileta. Ukosi mpana wenye mistari miwili myeupe, vifungo sita, na kofia yenye utepe. Mkewe, Vestina, huitoa sandukuni siku ya Krismasi tu, kisha huinusa na kuirudisha. Nimemwomba Hezekia niitumie kumpiga picha mwanawe Mika. Amekubali. Kuhusu wale watoto kumi wengine hakuniuliza, nami si mtu wa kusema nisiloulizwa.

Alhamisi, 8 Julai

Siku ya kazi! Jua limetoka kama lililoagizwa.

Mika wa kwanza, kama ilivyoahidiwa. Kisha foleni ya akina mama, kila mmoja na mwanawe. Wanaingia nyuma ya nyumba yangu, wanavua kaniki, wanavaa ubaharia. Mtoto mwembamba nambana mgongoni kwa pini. Mnene namwambia asivute pumzi. Kofia ni kubwa, inashuka mpaka puani, lakini inaficha makamasi, kwa hiyo ni faida. Mama anasimama kando ya mtoto, mikono chini, macho mbele, hakuna kucheka. Nikapiga kumi bila kukosea. Mmoja alikuwa na vipele shingoni. Nikamfungia ukosi mpaka juu, havikuonekana.

Wa kumi na moja ni Idda wangu. Hapo pakawa na kazi. Alipoiona suti akalia. Akajitupa chini. Esteria alikuwa kisimani, na akina mama wote wamekwisha kuondoka. Nikaangalia kushoto na kulia. Hakuna mtu. Nikapiga magoti, nikashika ardhi kwa mikono, nikalia kama mbuzi.

Akanyamaza. Akanitazama. Akacheka! Akanipanda mgongoni, akaishika tai kama kamba, akawa anasema neno la Kibena ambalo mama yake humwambia mbuzi asiyetaka kutembea. Nilizunguka uwanja mara tatu. Sijui nilikuwa nimepatwa na nini. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, ila suruali imeharibika magoti.

Niliposimama, Tabea alikuwa amesimama karibu na kamera. Alisema ndiyo kwanza anafika. Nikajifuta vumbi, nikamvika Idda suti, nikampiga akiwa wima kama askari. Namba ya filamu ilionyesha kumi na mbili wakati mimi nilihesabu kumi na moja, lakini kamera za Kizungu zina mambo yake. Bahati yangu! Nikamwambia Tabea kwa masikitiko makubwa kwamba filamu imekwisha kabla ya zamu yake. Hakulalamika. Akasema haidhuru, Bwana Nikodemo, akapanda baiskeli yake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jumatatu, 12 Julai

Filamu imekwenda Njombe. Bibi Maendeleo huisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, kisha huja nayo. Nimekwisha kumpa jirani yangu Elieza jogoo wetu, maana nyumba ya bati haifai jogoo. Esteria hanisemeshi.

Idda alikuja mlangoni asubuhi, akanivuta suruali usawa wa goti. Nilikuwa naipiga pasi nyingine, nikamwambia baadaye.

Ijumaa, 16 Julai

Niandike tu.

Baraza lilijaa. Watu walitoka mpaka Wanging'ombe. Bibi Maendeleo alikuwa amezitundika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilisimama mbele na tai yangu ya bluu, nikawakaribisha wazazi waseme wanachokiona.

Wakasogelea kamba. Halafu Bibi Telesia, mkunga wa zamani ambaye amewapokea nusu ya watu waliokuwa mle ndani, akajikokota na fimbo yake. Akapita picha moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa kamba. Akarudi mpaka mwanzo.

"Karani," akasema, "mtoto huyu ni mmoja. Mbona ana mama kumi?"

Nikacheka peke yangu. Akina baba wakaanza kubishana huyu baharia ni wa ukoo gani. Hakuna aliyezungumza habari za akili ya mtoto. Wote walizungumza habari za vifungo. Vestina akasogea. Akahesabu mistari ya ukosi. Akahesabu picha. Akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya, kama hii ndiyo sababu Mika wake amekuwa akijikuna tangu alipoivaa tena Jumapili. Hezekia akanitazama kwa macho ambayo hayatanikopesha sukari tena maishani.

Nikawaza kuzimia. Lakini hapo upande wa nyuma watu wakaanza kucheka. Kicheko kikaja mbele kidogo kidogo. Picha ya kumi na mbili, iliyotundikwa peke yake kule nyuma! Mimi! Miguu minne, tai imekuwa kamba, mdomo wazi, na Idda mgongoni, meno yote nje. Tabea alikuwa amenipiga kwa siri.

Nilitaka kuichana. Bibi Telesia akanizuia kwa fimbo. Akasema mtoto wa picha hii anamjua, ana macho na ana baba. Mzee Kristofa, aliyeoa hapa kutoka Makete, akasimama na kusema baba yake alimbeba hivyohivyo, na mpaka leo akipanda kilima humkumbuka. Mama mmoja akaeleza jinsi mwanawe anavyobembeleza gunzi la hindi kama mtoto na kuliimbia, ndipo alipojifunza kuimba. Mwingine akasema wa kwake alijifunza kuhesabu kwa kuchambua maharage. Baba mmoja akauliza, tena kwa aibu, kama mwanamume akicheza na mtoto hapotezi heshima. Walibishana mpaka saa saba! Bibi Maendeleo alijaza daftari.

Mimi nilikaa nyuma ya mlango.

Jumamosi, 17 Julai

Uamuzi umetoka. Tabea anahamia Njombe na kamera, na nyumba ya bati ni yake. Mimi nitabaki Makambako, ila Bibi Maendeleo anataka nizunguke vijijini na ile picha, niwaonyeshe akina baba, na ikibidi nilie kama mbuzi.

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Nimeshinda. Tabea amepata nyumba moja tu, mimi nimepata wilaya nzima. Lakini kulia kama mbuzi, hapana. Nitakwenda na tai na nitatoa hotuba. Nimekwisha kuandika kurasa tisa juu ya umuhimu wa mzazi kucheza na mtoto wake.

Nimemwomba Elieza anirudishie jogoo. Amekwisha kumla.

Jumapili, 1 Agosti

Nimerudi jana kutoka Njombe, nilikokwenda kwa fundi wa picha kusafisha jina langu. Nilisimama wima, kofia mkononi, tai ya bluu, uso wa mtu anayetegemewa. Picha nzuri sana! Leo baada ya ibada nimeitundika ukutani, juu, mahali panapostahili. Esteria ametundika ile nyingine chini yake, karibu na kinu. Tabea ndiye aliyempa. Sikugombana naye, ni siku ya Bwana.

Kisha nikamwita Idda. Nikamnyanyua mpaka usawa wa picha mpya, nikamwuliza huyu ni nani.

Aliitazama sana. Akasema, "Kamwene," polepole, kama tunavyomsalimu mgeni aliyebisha hodi. Halafu akapapatika ashuke. Akakimbilia ile ya chini, akaweka kidole juu ya mtu mwenye miguu minne.

"Baba," akasema.

Ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika hapa, maana daftari hili nalifungia. Akaja akanishika suruali usawa wa goti, akavuta. Akavuta tena. Esteria alikuwa akinitazama kutoka jikoni.

Suruali ilikuwa imetoka kwenye pasi asubuhi hiyohiyo, nikamwambia baadaye.

Jioni nzima nimelitafakari, na nimeona kosa lilipo. Picha yangu imetundikwa juu mno, ndiyo maana mtoto hanitambui. Kesho nitang'oa msumari na kuishusha mpaka kwenye kimo chake.