Ombi la Kurudishiwa Stering Nzito

Ndunge Nthiwa,
Nyumba ya tatu nyuma ya kanisa,
Kibwezi.

Kwa Mzee Ndolo,
Mwenyekiti wa Mafundi wa Jua Kali,
Kibwezi.

Mzee Mwenyekiti,

KUH: STERING YA BABA YANGU ILIYOFANYWA NYEPESI BILA MIMI KUULIZWA

Pokea salamu za heshima, na unisamehe kwa kuandika badala ya kuja. Nimepita kwenu gereji mara nne wiki hii. Mara ya kwanza uliniuliza nataka nini, nikasema nauliza saa. Mara ya pili nikauliza saa tena. Mara ya tatu na ya nne ulinitajia saa kabla sijafungua mdomo. Mimi ni mtu wa haya. Kwa karatasi naongea vizuri zaidi, na kwa karatasi hii namlalamikia mwanachama wako, Fundi Mutie. Kosa lake ni kwamba alitengeneza gari letu na likatengenezeka.

Gari lenyewe ni Toyota steshenwagon nyeupe, limenizidi miaka tisa. Kwa miaka miwili stering yake ilikuwa nzito. Likishika kasi kwa lami lilikuwa na afadhali, lakini polepole, kama wakati wa kuingia getini, lilikataa kama punda aliyeona daraja. Baba yangu, Mzee Nthiwa, ni mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Hakwenda kwa fundi. Alisema gari likizeeka hukaza shingo, hata watu hukaza. Kwa hivyo tulikuwa tukiizungusha stering wawili: yeye amekaa kwa dereva, mimi nimemwegemea kutoka kushoto, tunavuta kama watu wanaotoa ndoo kisimani.

Mwezi jana Fundi Mutie alikuja kwetu kununua ndengu. Akatuona tukigeuza gari. Alicheka mpaka akakalia gunia. Halafu, bila mtu kumwomba, akafungua boneti. Madhara yake ni haya:

1. Alituaibisha kwa uchunguzi. Alianza na tairi za mbele, akasema upepo wake ni wa mgonjwa aliyekata tamaa. Akafungua kale kakopo ka mafuta ya stering, akatia kidole, akanusa mara mbili, kisha akamuuliza baba kwa upole ni nani hapa nyumbani hukaangia chapati ndani ya boneti. Ukweli ni kwamba baba alikuwa akiongeza mafuta ya kupikia kila stering ikilia, kwa sababu mafuta ni mafuta, na mtungi wa mama uko karibu kuliko duka la spea. Mama alikuwa amelaumu panya kwa mafuta hayo. Panya walipokufa wote alinilaumu mimi. Siku hiyo alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akamwangalia baba hivi hivi tu, na hatukula chapati wiki mbili.

2. Hakuishia hapo. Alipata paipu inayovuja pale ilipobanwa, na belti iliyopasukapasuka, ukiibonyeza inaingia ndani kama godoro la bweni. Angeweza kufunga macho. Badala yake alileta paipu mpya na belti mpya, akainua mbele kwa jeki, akamwaga ule mchuzi wote, akasafisha, akaweka mafuta mekundu yanayofaa. Baba akaambiwa azungushe stering polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ili hewa itoke. Mimi nikapewa chupa, niongeze kila yakishuka. Niliongeza mpaka povu likaisha. Yaani alinitumia mimi, kwa mikono yangu miwili, kuua kitu changu.

3. Amevunja mwethya. Wewe unawajua hao akina mama, wanaochimba matuta pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila Jumapili baada ya ibada, gari letu lilikuwa shamba lao la saba. Nyuma ya kanisa ni pembamba, kwa hivyo walikuwa wakishika pua ya gari, Mama Mbula anaanzisha wimbo, wanaliinua na kuligeuza liangalie barabara. Kisha wote wanakuja kwetu kunywa chai. Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo walikuwa wameshakunja mikono ya nguo zao za kanisa wakati baba alipogeuza kwa kidole kimoja, akawapungia, akaenda. Mama Mbula alimwambia mama, "Mume wako ametuachisha kazi na hata barua hakutuandikia." Chai ilibaki kwa sufuria.

4. Ameharibu biashara Kambu. Baba hakuweza kugeuza gari hapa mjini, kwa hivyo tukitoka sokoni alikuwa akinyoosha tu na barabara ya Mombasa hadi Kambu, mahali malori huegesha, azunguke duara moja kubwa bila kusimama, halafu turudi nyumbani. Duara likiisha tulikuwa tunapumzika kwa hoteli ya Hersi, mikono yetu tumeiweka juu ya meza kama mizigo ya watu wengine. Hersi alikuwa dereva wa malori ya ng'ombe huko kaskazini kabla ya kufungua hoteli, anaelewa mambo ya stering. Kila mara alikuwa akimwambia baba, "Mzee Nthiwa, Mombasa yenyewe iko hapo mbele tu. Kwa nini usigeuzie huko?" Baba hucheka Kambu tu. Nyumbani sijawahi kumsikia. Sasa hatuendi Kambu, tunageuzia hapa kwa kituo cha petroli kama watu wasio na malengo.

5. Jamaa zetu wa Kitui, ambao kwa miaka miwili walikuwa wanajua gari letu ni gonjwa, wamekumbuka ghafla kwamba sisi ni damu. Mmoja ana harusi, mmoja ana mbuzi wa kusafirisha, mmoja hana chochote ila anapenda kuzunguka. Na tukiacha jamaa, Mzee Mwenyekiti, fikiria taifa. Zamani mtu akitaka kugeuka alikuwa anafikiria kwanza, anatoa jasho, anaita majirani. Sasa wakubwa wetu wanageuka kwa kidole kimoja, asubuhi huku, jioni kule, na hakuna anayesikia hata pampu ikilia. Sisemi ni Fundi Mutie aliyeanzisha. Nasema anachangia.

6. Hili nilitaka liwe namba moja, nikaona haya, nikaanza na tairi.

Baba na mimi hatuongei. Si kwamba tumekosana. Ni vile tumeumbwa. Mama na mdogo wangu Kanini huongea kwa niaba yetu, na wanaongea vya kutosha nyumba nne. Lakini mtu hawezi kuvuta stering nzito akiwa amefunga mdomo. Kwanza hutoka pumzi, halafu hutoka neno. Kwa kona ya posho mill baba aliniambia aliacha shule kwa sababu aliogopa kuitwa asome kwa sauti. Kwa geti la kanisa nikamwambia mimi hula chakula cha mchana nyuma ya maabara, peke yangu, nikijifanya nasoma. Hakunipa ushauri. Alisema tu, "Vuta, mwaitu." Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Tukavuta, na kona iliyofuata akaniuliza kama nyuma ya maabara kuna kivuli.

Hakuna mtu mwingine anayejua hayo, na wewe nimekuandikia kwa sababu ni lazima barua iwe na ushahidi.

Tangu belti mpya, mama ndiye anayekaa mbele. Zamani alikataa, alisema kuvuta kunampasua kitenge. Mimi nakaa nyuma na ndengu. Baba anageuza kona zote kimya, kidole kimoja, na hakuna pumzi inayotoka kwa mtu.

Kwa hayo, naomba kwa unyenyekevu Fundi Mutie aamriwe kulegeza belti nusu, kurudisha mafuta ya kupikia (ya mama nitaomba mwenyewe, nikipata siku nzuri), na kuitoboa ile paipu kidogo, kiasi cha tone moja kwa maili. Ikiwa sheria zenu haziruhusu, basi angalau apunguze upepo wa tairi za mbele.

Nisalimie mafundi wote hapo, pamoja na Mutie mwenyewe, ambaye hana ubaya mwingine ila kujua kazi. Msalimie mama wa kibanda cha uji. Salimia na mbwa wenu.

Ni mimi ninayeumia bila kelele,

Ndunge Nthiwa,
Kidato cha Tatu.

N.B. Barua hii ilikaa ndani ya kitabu changu cha Kemia siku tatu, nikitafuta ujasiri wa kuileta. Jumamosi asubuhi niliona ni rahisi zaidi nifanye kazi mwenyewe. Nikachukua spana ya baba, nikafungua boneti. Nilikuwa nimeinama nusu nzima ndani baba aliponikuta. Hakupiga kelele. Aliuliza natafuta nati gani, nikamwonyesha. Akasema hiyo ni ya altaneta, nitatuzimia taa bure, ya stering iko chini yake. Halafu akauliza kwa nini.

Hakukuwa na kitu cha kuvuta, Mzee Mwenyekiti, lakini neno lilitoka tu. Nikasema, "Nilitaka tuvute."

Alifunga boneti, akazunguka, akaketi upande wa kushoto. Sijawahi kumwona ameketi kushoto. Akasema, "Wewe endesha, mwaitu. Mimi nitaongea."

Tulizunguka ndani ya shamba letu mpaka chakula cha mchana, mimi na mikono hii yangu, ambayo ile stering ya zamani isingeijali hata kidogo. Kwa hivyo tafadhali futa malalamiko yote, na umkataze Fundi Mutie kugusa belti hiyo, hata baba akimwomba, hata nikimwomba mimi. Na baba aliongea kweli. Mengi yalikuwa "breki, breki, breki", lakini nimeyahesabu kama mazungumzo.