Rimu za Sagini na Bima ya Probox Yangu

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua. Bima ya Probox yangu inaisha Ijumaa. Jumamosi ni koito ya shemeji yangu Kipruto huko Sigowet, tunaenda kupatana mahari, na ni mimi niliahidi kumbeba mama mkwe. Yeye nyuma, mimi mbele kwa usukani. Kwetu mtu na mama mkwe hawakaribiani, kwa hivyo heshima itakaa.

Loice, ajenti wa bima hapa Boito, amesema nichukue ile ndogo, thadi pati. Inalipa wale umegonga, haitaki ukaguzi, unailipia kwa simu kabla chai ipoe. Lakini jirani yangu Sagini, mwenye Probox kama yangu, ana ile kubwa, inalipa hata gari yako mwenyewe. Sagini! Mtu ambaye majani yake ya chai karani wa kituo cha kununua anamrudishia kwa ubovu! Nachukua kubwa.

Jumanne, 2 Desemba
Nimewaza vizuri. Kwa bima kubwa, mkaguzi anaandika thamani ya gari. Ikiharibika kabisa, unalipwa hiyo. Basi thamani ipande! Nimeazima rimu za Sagini zinazong'aa, na redio yake. Nimemdanganya ni za picha. Amekubali bila neno, tena amenisaidia kukaza nati. Nimeudhika kidogo.

Jumatano, 3 Desemba
Kericho mjini. Mkaguzi amezunguka gari, amesifu rimu. Thamani juu sana! Nimeimba njia yote mpaka Litein.

Jioni Loice amepiga simu. Kumbe bima kubwa inafuata thamani. Gari ikipanda, malipo yanapanda! Siwezi. Mbona hakuna mtu aliniambia? Chepchirchir, mke wangu, anasema Loice aliniambia Jumatatu, mimi nikiwa naangalia gari ya Sagini.

Alhamisi, 4 Desemba
Sasa thamani ishuke. Nimerudisha rimu na redio. Nimefunga magurudumu yangu yenye upara. Nimetoa taa moja ya mbele, nikaificha chini ya nyasi za ng'ombe. Nimepaka matope mpaka madirishani. Kuku wawili kiti cha nyuma, waonekane wamezoea.

Mkaguzi ni yule yule! Ameangalia namba, akaniangalia mimi, akaangalia kuku. Amesema jana gari ilikuwa ya harusi, leo ni ya mayai. Kweli, mmoja alikuwa ametaga. Amekataa kuandika thamani. Gari haifai barabara.

Ijumaa, 5 Desemba
Sawa, thadi pati. Nimemwambia Loice angoje nirudishe taa kwanza. Ng'ombe ameikanyaga! Vipande vipande. Boito yote hakuna taa kama hiyo.

Chepchirchir amesema mama yake haendi kwa wakwe na gari ya jicho moja. Ameshapigia Sagini. Sagini amekubali, na atapitia hapa mapema. Kusema kweli nimeona aibu mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 6 Desemba
Mzee Hezekiah, mjomba wa mke wangu, amechukua kiti cha mbele kando ya Sagini, na fimbo yake. Chepchirchir ametaka dirisha kwa sababu kona zinamtapisha. Mama mkwe dirisha la pili. Nimebaki mimi, katikati. Bega kwa bega na mama mkwe! Boito mpaka Sigowet!

Tumeweka kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kupeleka kwa wakwe, kati yetu kiwe ukuta. Yeye ameangalia mashamba ya chai, mimi nimeangalia redio ya Sagini. Kwenye kona moja kibuyu kimelala, sote tumekishika, na mikono ikagusana. Woi! Mama mkwe amefunga macho akaanza kuomba. Sagini, kwa huruma, ameongeza sauti ya redio.

Mahari imeelewana vizuri. Hakuna mtu ameniuliza maoni.

Jumapili, 7 Desemba
Ibada nzuri, juu ya unyenyekevu. Baadaye Loice ameniuliza kama nimekuwa tayari kwa thadi pati, simu iko mkononi. Nimemwambia asiharakishe, nimegundua kosa langu. Nilichanganya. Siku ya kwanza rimu za Sagini na mwili wa gari yangu, siku ya pili kuku. Mkaguzi lazima angeshuku.

Sagini anaenda kwao Nyamira mpaka Krismasi na gari ya kaka yake. Probox yake ananiachia niilinde. Gari nzima! Natoa namba zake, nafunga zangu, nampelekea mkaguzi mwingine. Thamani juu kabisa. Ya malipo tutaona.

Sikuwa na bisibisi. Nimemwomba Sagini. Ameniletea mwenyewe mpaka mlangoni, akauliza kama nahitaji msaada wa kukaza.