Profesa wa Usingizi na Cheo cha Umeneja

Duniani hakuna anayejua kulala kumshinda shemeji yangu, mume wa dada yangu. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Mimi nasema anajua kukoroma. Akianza, vikombe vya kabatini vinagongana!

Tunafanya kazi duka moja la magodoro. Mimi napakia mizigo garini, yeye ni muuzaji, na wateja wanamwita Profesa kwa vile haishi kuhutubia. "Mama, usingizi ni sayansi!" Kisha anajitupa juu ya godoro kuonyesha mfano, na si mara moja nimemwamsha kwa mpini wa ufagio huku mteja bado anauliza bei.

Dada ndiye aliyemburuta hospitali. Alichoka kumsikia mumewe akinyamaza ghafla katikati ya usingizi, hapumui, halafu anashtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Daktari akasema koo linaziba akilala, pumzi inakatika. Presha ya watu wengine hushuka wakilala, yake huenda inapanda. Akamfunga mkononi kimashine cha kupima presha mara kwa mara usiku na mchana, akamtaka akirudishe kesho yake jioni.

"Ikithibitika, utalala na kinyago cha kusukuma hewa."

Profesa akaja juu. "Kinyago? Mimi? Nilale kama rubani wa ndege za vita? Dokta, niandikie vidonge vya melatonini tu, nimesoma habari zake!"

"Melatonini inauambia mwili kwamba giza limeingia. Haizibui koo, mzee."

Lakini nani wa kumfundisha Profesa usingizi? Njiani akanipa uchunguzi wake: kosa si la koo, ni la godoro la nyumbani!

"Shem, usiku wa leo silali," akaninong'oneza. "Kesho mchana nalala dukani, kwenye lile godoro la bei mbaya. Presha itashuka hadi daktari aone haya."

"Na mgeni wa bosi je?"

Hapo ndipo penye moto. Kesho hiyo bosi alikuwa anamleta mnunuzi wa hoteli aliyetaka magodoro sitini, na siku hiyohiyo angemtangaza meneja wa tawi jipya. Profesa alikuwa amekisubiri cheo hicho miaka saba. Tai alishanunua.

"Wanakuja saa nane. Wewe niamshe saa saba na nusu."

Kweli alikesha, anazunguka sebuleni kama mlinzi. Saa sita mchana akameza melatonini mbili alizojinunulia, akavuta mapazia ya chumba cha maonyesho, akalala chali, tai shingoni, mikono kifuani. Mimi nikatoka kupakia gari.

Saa saba kasorobo, bosi huyo! Kawahi, na mgeni wake nyuma. Nilitupa godoro chini nikawakimbilia, lakini walishaingia.

"Huyu ndiye muuzaji wetu bora," bosi akasema huku akifungua pazia. "Anaonyesha ubora wa bidhaa."

Profesa akakoroma mara tatu, kioo cha dirisha kikaitikia. Kisha kimya. Kimya chenyewe si cha kawaida! Kifua hakipandi, midomo inabadilika rangi. Nilikuwa nasimuliwa tu na dada, sasa naona kwa macho yangu, na nasema kweli, niliogopa. Nilimwona dada yangu mjane mle mle dukani.

"Shem!" Nikamtikisa mguu. Wapi!

"Amekufa," mgeni akasema, anarudi kinyumenyume. "Amekufa juu ya godoro mnaloniuzia!"

Bosi akavua kofia. Sijawahi kumwona bosi akilengwa na machozi, hata siku duka lilipoingia maji.

"Alikuwa mchapakazi," akasema. "Leo hii nilikuwa nimtangaze meneja wa tawi jipya. Basi namtangaza hivyohivyo. Nenda salama, Meneja."

Wakati huohuo kimashine kikaanza kupima. Vuuuuu! Mkono wa marehemu ukajiinua wenyewe.

"KHRRRAAAA!"

Profesa akaketi wima, macho mekundu, anavuta hewa ya duka zima. Mgeni akapita mlangoni kama risasi, kiatu kimoja akatuachia. Magodoro sitini yakaondoka naye.

"Nimesikia, bosi!" Profesa akapiga kelele, anainyoosha tai. "Nimeupokea kwa mikono miwili!"

Bosi akavaa kofia yake taratibu. "Umepokea nini?"

"Umeneja!"

"Ule nimempa marehemu."

Jioni daktari aliyasoma majibu, akatikisa kichwa, akamwonyesha presha ilivyoruka mara tu alipolala, tena juu ya lile lile godoro la bei mbaya. Kinyago akapewa. Siku hizi anakivaa bila ubishi, dada analala hadi asubuhi, na vikombe vimetulia. Mimi nafurahi, ingawa simwambii.

Dukani amehamishiwa upande wa stuli, zile zisizo na hata mgongo wa kuegemea. Juzi alimfuata bosi ofisini na karatasi ya hospitali, anatabasamu.

"Bosi, presha imeshuka kabisa! Sasa ile nafasi vipi?"

Bosi hakuinua hata macho.

"Marehemu bado hajajiuzulu."